Baba Yako Hayuko Pakwach

Masika mwanangu,

Najua mlivyofundishwa shuleni: barua huanza na salamu, halafu mtu anauliza hali, halafu anasema yeye ni mzima. Hali yako naijua, nimekuona asubuhi ukinywa chai umesimama ili usikae nami meza moja. Yangu utaijua ukifika mwisho. Umekwenda Ibanda kumuaga shangazi yako na utarudi jioni, kwa hiyo nimefunga mlango wa kibanda nusu, nimekaa juu ya gunia la chumvi, naandika. Wateja wakigonga nawaambia chumvi imekwisha. Wanaiona nimeikalia, lakini wanaondoka.

Nakuandikia kwa Kiswahili cha masista wa Butembo kwa sababu ndicho walichonifundisha kuandika. Kinande changu ni cha mdomoni tu, na Kiingereza chako cha ualimu kinanichosha kichwa. Nikikosea, mwalimu, usinisahihishe kwa wino mwekundu.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, hayo nimekuambia tangu utoto wako mpaka umeyachoka. Nayaacha. Nataka kusema juu ya baba yako na juu ya huyo Isisi wako. Najua ukisikia nimetaja Isisi unadhani nimekuja na ugomvi. Leo sina ugomvi, nguvu zenyewe sina.

Mimi nilianza kujua kwa sababu ya chumvi. Ulikuwa umerudi likizo kutoka chuoni, nami nikaona chumvi ya Katwe niliyoweka jikoni inapungua kuliko mboga tunazopika. Nikasema huyu mtoto anaigawa kwa majirani. Kumbe asubuhi nikakukuta nyuma ya nyumba unasukutua kinywa kwa maji ya chumvi, ukanawa mikono mpaka viwiko, ukaingia chumbani kwako. Nikachungulia. Ulikuwa umeweka kikombe cha maji na kipande cha mkate mbele ya picha uliyoichora mwenyewe, mwanamke mwenye kiti cha enzi kichwani. Nilipokuuliza, hukuficha. Ulisema ni Isisi, Wamisri wa kale walimwomba, na makuhani wao walisafisha kinywa kwa magadi kabla ya kusema na mungu, na wewe magadi huna ila chumvi ya Katwe iko. Nilicheka. Nilikuambia afadhali mungu anayetumia bidhaa yangu. Nawe ulicheka, ukanipa ule mkate tuugawane, ukasema mungu akishashiba harufu yake watu wanaruhusiwa kula.

Sikuogopa, Masika, nataka ulijue hilo. Ningeogopaje? Mimi huyu hunyunyiza maji ya baraka kwenye mizani ili wateja wa Kasindi wavuke mpaka waje kwangu wasiende kwa jirani. Bibi yako, mama wa baba yako, alikuwa na kibanda chake kidogo cha roho za mlimani nyuma ya migomba, akiwawekea unga na pombe, na Jumapili alikuwa wa kwanza kukaa kwenye benchi la mbele kanisani. Padri alikijua kibanda kile, akapita kando. Na siku niliposhikwa na malaria, wewe ulinifunga mkononi uzi wenye mafundo, ukanisomea maneno ambayo watu wa zamani walimsomea mtoto aliyeumwa na nge. Nikauvaa. Kanisani niliuficha chini ya mkono wa gauni. Homa ilitoka, kama ni kwa uzi au kwa vidonge sijui, wala sikutaka kujua.

Kwa hiyo nilikuacha na mungu wako. Nilisema ni mambo ya wasomi, atayaacha akipata mume. Sikujua amekujia kwa njia gani mpaka ile siku ya mvua tulipokuwa hapa kibandani, huna la kufanya, ukachovya kidole kwenye chai yako ukanichorea juu ya meza. Huu ni mto wa Mubuku, ukasema, unashuka kutoka kwenye theluji, unaingia Ziwa George. Kutoka hapo maji yanapita mfereji wa Kazinga, yanaingia Ziwa Edward, yanatoka kwa Semliki, yanazunguka nyuma ya mlima wetu huohuo mpaka Ziwa Albert, halafu yanakuwa Naili, yanapita Pakwach, yanakwenda, yanakwenda, mpaka Misri. Ukaniangalia. Ukasema Isisi alikuwa mke wa mtu aliyeuawa ndani ya sanduku akatupwa mtoni, naye alimtafuta mumewe kwa maji yaleyale. Yaleyale, Mama. Nikachukua kitambaa nikapangusa meza.

Wewe ulikuwa bado shule ya msingi mto ulipomchukua baba yako. Tulikaa Rukoki wakati ule, na baba yako alikuwa amekodi kipande cha mpunga kwenye mifereji ya Mubuku. Mvua ilinyesha mlimani mchana kutwa, kwetu chini jua likiwaka. Akaona maji ya mfereji yamebadilika rangi, akasema anakwenda kufunga lango lake, mpunga ulikuwa umeanza kubeba. Alivaa buti moja ya kwake na moja ya kaka yake, ndivyo alivyokuwa, vitu vyake havikukaa viwili viwili. Watu waliokuwa ng'ambo walisema walisikia mawe kabla ya kuona maji. Wao walikimbilia juu. Yeye alikuwa ameinama langoni.

Tulimtafuta. Wakulima wenzake walipindua matope kwa majembe kutoka madarajani mpaka mahali ambapo mto unaachana na watu na kuingia kwenye mafunjo. Mimi nilikwenda nao, nikiita mpaka sauti ikaisha. Baba yako mkubwa akaja kutoka Bwera, akatembea nasi, halafu siku moja akaketi juu ya jiwe akasema, “Mto imekula. Tumuzike, mama apate kulala.” Bibi yako alikuwa hali, halali, anakaa mlangoni akiangalia njia.

Basi wakafanya kama wanavyofanya Wakonzo, na sisi Wanande pia, mtu akipotea asionekane. Walikata mgomba kwenye shamba lake mwenyewe hapa Bwera, wakapima gogo kwa urefu wake, wakalifunga shuka, nikaleta shati lake la Jumapili wakalivalisha. Ulikuwepo, ulishika pindo la kitenge changu. Watu walilia kama mtu yumo. Mimi pia nililia, gogo lile lilikuwa na mabega yake kabisa. Nawe ukaniuliza mbele ya watu kama mgomba hautaota humo ndani. Nikakufinya unyamaze. Swali lako lilikuwa la haki, na mkono wangu niliukumbuka miaka mingi baadaye.

Unajua sheria ya jambo lile, lakini hujawahi kuambiwa jinsi inavyofunga. Mtu akizikwa kwa mgomba amekwisha kufa kabisa. Hatafutwi tena. Habari zake zikija nyuma ya mazishi, hata zikiwa za heri, watu wanaziogopa, kwa maana kaburi lililofungwa likifunguliwa linataka mtu mwingine. Ndivyo wanavyosema. Mimi niliamini kwa sababu nilihitaji kuamini.

Sasa nije kwenye bakuli.

Ulilinunua hapa sokoni Bwera, bakuli la udongo mwekundu, ukamwandikia baba yako ndani yake, mstari ukizunguka kutoka mdomoni mpaka chini katikati. Ulinieleza kwamba Wamisri waliwaandikia wafu wao hivyo, wakaweka na chakula kaburini, ili marehemu akija kula asome. Nikasema sawa. Ulipokwenda kuchota maji nililisoma, nikiligeuza mikononi kama usukani. Nilidhani utamwomba kazi, au mchumba. Uliandika: “Baba, kama njia ya kurudi umeisahau, fuata maji tu, usichoke. Nitakuja kukupokea mbele.” Nikalirudisha juu ya kaburi kama lilivyokuwa. Usiku ule sikupata usingizi, na wewe ulidhani ni meno yangu.

Halafu siku ile tunapepeta maharage, ukaja na hadithi nyingine. Ulisema adui alikuja kumkatakata mume wa Isisi, naye Isisi alipopata vipande, katika kila mji alitengeneza sanamu ya mumewe kwa nta na manukato, akawaambia watu wa mji huo, huyu ndiye, mzikeni kwa heshima. Kwa hiyo kila mji ukawa na kaburi lake. Ukaacha ungo, ukanishika mkono. Ukasema, “Mama, usione haya kwa ule mgomba. Wewe ulifanya kama yeye.”

Uliniambia kwa upendo, nakumbuka uso wako. Nami niliuchomoa mkono wangu kwako kama nimeshika kaa la moto, nikasema maharage yana mawe mengi, nikainuka. Kuanzia hapo sikuweza kukuona ukisukutua chumvi yako bila kugeuza uso. Nikaanza maneno. Chumvi inaisha. Mkate unaliwa na panya. Picha ile ni ya kishetani. Ulinivumilia, na kadiri ulivyonivumilia ndivyo nilivyozidi.

Maman Furaha wa kikundi cha maombi alisikia kelele zangu, yule jirani yetu aliyekimbia vita kutoka Beni, anayeniuzia mawese. Akanijia hapa kibandani kwa huruma yake yote. “Mama Masika, huyu mutoto iko na pepo ya Misri,” akasema. “Tumuombee mbiyo, asiende nayo kazini.” Wakati mwingine ningemwambia akauze mawese. Siku ile nilimwambia waje.

Usimchukie Maman Furaha. Walikuja kuomba tu, wakiimba, wakiwa na rozari zao, na wewe ulikuwa umesimama kaburini na kikombe chako cha maji kama kawaida ya asubuhi. Ulisogea ukawapisha. Hakuna aliyeniambia niguse bakuli. Mimi ndiye niliyeliinua mbele yao, nikalipiga juu ya saruji ya kaburi mpaka vipande vikaruka kwenye mibuni. Nikasema kwa jina la Yesu, kwa sauti kubwa, na Yesu hakuwemo kabisa katika kitendo kile.

Hukulia. Ulichuchumaa ukaokota vipande kimoja kimoja ukavitia kwenye kitenge. Halafu ukaniambia, polepole, kama unamfundisha mtoto wa darasani, “Mama, wao walivunja chungu chekundu chenye jina la mtu wakitaka asirudi tena.” Ukaingia ndani. Maman Furaha akaniuliza umesema nini, nikasema hakuna kitu.

Tangu siku ile tumeishi kama wapangaji. Ukapata kazi mbili za kuchagua, ya Mbarara yenye nyumba ya mwalimu, na ya Pakwach ambako hata kitanda unanunua mwenyewe. Ukachagua Pakwach. Watu wote wameniuliza mtoto anakimbia nini. Nimewaambia watoto wa siku hizi wana kichwa ngumu. Lakini mimi nilikusikia ukimwambia shangazi yako kwa simu kwamba shule iko karibu na daraja, na kila asubuhi utaweza kushuka kumpa baba yako maji na kusema jina lake, kwa sababu huko ndiko anakopita.

Masika, baba yako hapiti Pakwach. Hakufika hata Kazinga.

Nimeweka kalamu chini nikazunguka kibanda, nimerudi. Acha niseme.

Matanga yalikuwa yamekwisha, masufuria tuliyoazima yamerudi kwa wenyewe, nami nimerudi kuuza chumvi kwenye soko la Kasese kama zamani. Akanijia mama mmoja aliyekuwa akileta samaki wa ngege kutoka ziwani. Hatukujuana, tulisalimiana tu. Akaniuliza kama mimi ni mke wa yule mtu wa mpunga. Akanivuta kando. Akasema vijana wa mwalo wao, pale mitumbwi ya wavuvi inapofika, wamemtoa mtu kwenye mafunjo, pale mto unapoingia ziwani. Uso si uso tena, akasema, lakini amevaa mkanda ulioshonwa kwa mpira wa baiskeli na waya wa shaba. Wanamzika jioni, lakini nikitaka wanaweza kuningoja.

Mkanda ule baba yako aliushona mlangoni kwetu Rukoki, mimi nikimcheka kwamba mkulima mzima ananyima kiuno chake mkanda mpya. Dunia nzima haukuwapo mwingine. Nilijua, Masika. Sikubahatisha, nilijua.

Nikamwambia, “Wangu nimeshazika.”

Yule mama aliniangalia. Alikuwa na beseni la samaki kichwani, hakulitua. Mwisho akasema basi nimpimie chumvi, nikampimia. Akaenda zake. Jioni ile nilipika, ukala, nikakulaza.

Sababu nimejitafutia nyingi kwa miaka hii. Kwamba baba yako mkubwa angekasirika. Kwamba bibi yako angekufa kwa kuzika mara mbili. Kwamba kaburi likifunguliwa litakutaka wewe, nami nilikuwa na wewe tu. Zote ni za kweli na hakuna hata moja iliyonifunga miguu. Nilikuwa nimechoka kumtafuta, na nilimwogopa. Nilitaka mume mwenye uso. Nikamwacha mikononi mwa watu wasiomjua, wamzike bila jina, na mimi nikaendelea kumlilia mgomba.

Wewe ulidhani tulihamia Bwera kwa sababu ya wateja wa Kongo. Nilihama soko la Kasese ili nisikutane tena na yule mama wa samaki.

Sasa unaelewa kwa nini neno lako lilinichoma. Isisi aliambiwa sanduku la mumewe limekwama nchi ya mbali, akafunga safari. Mimi niliambiwa na mtu aliyesimama mbele yangu, na mahali penyewe pikipiki ingenifikisha kabla ya jioni, nikabaki na mizani yangu. Nawe ukanishika mkono ukasema nilifanya kama yeye. Kisa changu na mungu wako hakikuwa kwamba ni wa uongo. Sijui kama yupo au hayupo, wala si kazi yangu. Nilimchukia kwa sababu alikwenda. Siku ile kaburini wewe ulidhani nimevunja bakuli kwa ajili ya dini, na majirani wakanisifu kwa imani, na mimi nikazipokea sifa. Ukiona umemkasirikia mtu kupita kosa lake, mwanangu, tazama vizuri ni nani hasa unayemkasirikia. Mimi nilichelewa kutazama.

Na mtu akikuletea habari unayoiogopa, nenda siku ileile. Kesho yake inakuwa nzito zaidi. Mwaka ukipita unaanza kujiambia hukuambiwa vizuri.

Juma lililopita nilikuambia nakwenda Katwe kuchukua chumvi. Sikwenda Katwe. Nilishuka njia ya vumbi iendayo ziwani, nikauliza mwaloni, wakanipeleka kwa mzee anayetunza mitumbwi. Yule mama wa samaki alikwisha kufa, Mungu amlaze pema, nami nilitaka sana kumwona. Mzee hakuuliza nimekuwa wapi siku zote hizi. Alinipeleka juu kidogo ya mwalo, mahali viboko hupita usiku, akanionyesha matuta. Hayana msalaba wala jiwe, mengine yamelala sawasawa na ardhi. Alisema wana desturi yao: mtu aliyeletwa na ziwa wanamlaza kichwa upande wa maji, na aliyeletwa na mto wanamlaza kichwa upande wa mlima, ajue kwao ni wapi.

Nikamuuliza aliyevaa mkanda wa mpira ni yupi. Akatikisa kichwa. “Watu ya mto iko mingi, mama,” akasema. “Wenyewe hawakuja.”

Hakunilenga mimi, alisema tu ilivyo. Nilikaa chini kwenye nyasi. Nilishikwa na aibu mbele ya mzee mgeni, nikalia kilio ambacho sikumlilia mgomba. Halafu nilipita katika matuta yale yanayoelekea mlimani, kwa kila moja nikasema Salamu Maria, kwa sababu ndiyo niijuayo. Nikaita jina la baba yako, Baluku, kwa kila moja, kwa sauti, kama ulivyokuwa ukiniambia kwamba mfu huishi akitajwa. Sikusikia kitu. Sikujua ni lipi. Nilitamani ningekuwa na wewe, maana wewe umezoea kusema nao na mimi nilikuwa natapatapa. Mmoja wao ni baba yako. Sitajua kamwe ni yupi, na kutojua huko nimejitafutia mwenyewe.

Sikuombi uache Pakwach. Umeipata kazi kwa jasho lako, na watoto wa huko wanahitaji mwalimu. Sikuombi umwache Isisi wala urudi kwenye kikundi cha Maman Furaha. Ninaloogopa ni moja tu: usimame asubuhi zote za ujana wako juu ya lile daraja, ukimpa maji mtu ambaye hayumo, ukimngoja ashuke, na mimi hapa Bwera nikijua. Nimekufanyia mambo mabaya, na hilo siwezi kuliongeza juu yake. Hata kama baada ya kusoma hutaniita mama, ni heri unichukie kwa jambo la kweli.

Barua hii utaikuta juu ya begi lako ukirudi kutoka Ibanda. Usinijibu leo kama huwezi. Nitakuwa jikoni na sitakuja kugonga mlango wako.

Kesho nimelipia viti viwili kwenye gari la Kasese. Ukipita Kikorongo, kabla ya mji, kuna njia ya vumbi inayokata mkono wa kulia. Ukimwambia dereva asimame tutashuka wote, nikuonyeshe matuta, halafu nitarudi barabarani nikuache useme nao unavyojua, hata ukikaa mpaka basi la Pakwach likuache na tulale Kasese. Usipomwambia asimame, sitasema neno. Nitakusindikiza mpaka stendi, nitakubebea begi, na nikirudi nitashuka peke yangu.

Ni mimi niliyekuzaa, na niliyekuficha,
Mama yako